KIPIMO CHA MKOJO SI CHA WAJAWAZITO PEKE YAO

Mama mjamzito akienda kliniki hupewa kikopo. Huambiwa akojoe kidogo ndani yake, kisha akirudishe. Muuguzi huchovya kijiti katika mkojo ule, hungoja kama dakika moja, halafu huangalia rangi. Anatafuta nini? Anatafuta protini. Protini ikionekana, muuguzi halali. Anajua kwamba huenda mama huyo yumo katika hatari ya kupata kifafa cha mimba.

Kipimo hicho ni kizuri, na akina mama wengi wamepona kwa ajili yake. Lakini mama akishajifungua, kikopo huwekwa kando. Mume wake huenda hajapimwa hata siku moja. Bibi anayepanda mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe huenda hajapimwa. Babu mwenye shinikizo la damu huenda hajapimwa. Je, wao hawana figo?

Ndugu msomaji, maoni yangu ni haya. Kipimo cha protini katika mkojo si cha wajawazito peke yao. Ni cha kila mtu mzima aliye katika hatari ya maradhi ya figo na ya moyo. Wana Kibosho tukiomba kipimo hiki mapema, wengi wetu tutayazuia maradhi yakiwa bado madogo. Tukingoja miguu ivimbe, tutakuwa tumechelewa.

FIGO HUFANYA KAZI GANI?

Kwa kawaida mtu huzaliwa na figo mbili. Zipo mgongoni, chini ya mbavu, moja kila upande. Kila figo ni kubwa kiasi cha ngumi ya mwenye nayo. Kazi yake kubwa ni kuchuja damu.

Tuchukue mfano wa mbege. Mtengenezaji wa mbege hupika ndizi, kisha huzichuja. Maji matamu hupita, machicha hubaki juu ya chujio. Chujio likiwa zima, kazi huenda vizuri. Chujio likitoboka, vitu vilivyotakiwa kubaki navyo hupita.

Figo ni chujio kama hilo, lakini ni chujio la ajabu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana vipatavyo 1,000,000. Huwezi kuviona kwa macho. Kwa siku moja figo zote mbili huchuja maji ya damu lita 180 hivi. Debe moja ni lita 20. Basi hayo ni madebe 9 kila siku! Karibu maji hayo yote hurudishwa mwilini. Lita 1 au 2 tu hutoka nje pamoja na taka. Hiyo ndiyo mkojo.

Protini ni nini? Ni chakula cha kujenga mwili. Tunaipata katika maharage, maziwa, nyama, mayai na samaki. Katika damu mna protini nyingi zenye kazi muhimu. Moja hushika maji yasitoke katika mishipa ya damu na kuingia miguuni au usoni. Hiyo huitwa albumini.

Chujio la figo likiwa zima, protini hubaki katika damu. Inayotoka ni kidogo mno, hata kijiti hakiioni. Chujio likianza kuharibika, protini huvuja na kuingia katika mkojo. Kwa hiyo protini ikionekana katika mkojo siku baada ya siku, ujue chujio lina tundu.

KIJIKO NA MSHUMAA

Jambo hili halikugunduliwa jana. Katika mji wa London, Uingereza, alikuwapo daktari aliyeitwa Richard Bright. Mwaka 1827 alitoa kitabu juu ya wagonjwa wake waliovimba mwili. Njia yake ya kupima ilikuwa rahisi. Alitia mkojo wa mgonjwa katika kijiko, akaupasha moto juu ya mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa afya hubaki maji. Lakini mkojo wa wagonjwa wale uliganda na kuwa mweupe.

Kwa nini uliganda? Fikiri yai. Ute wa yai ni kama maji, lakini ukiuweka katika kikaango cha moto unaganda na kuwa mweupe. Ute wa yai una protini. Mkojo wa wagonjwa wale nao ulikuwa na protini, ndiyo maana uliganda.

Wagonjwa walipokufa, Daktari Bright alichunguza miili yao. Alikuta figo zimeharibika. Baadaye aliona jambo jingine. Wengi wao walikuwa pia na moyo uliopanuka. Tangu zamani hizo, basi, figo na moyo vimeonekana kwenda pamoja.

Leo hatuhitaji mshumaa. Kijiti chembamba chenye kipande cha karatasi ya rangi kinatosha. Kipande cha protini kwa kawaida ni cha manjano. Protini ikiwapo, hugeuka kuwa kijani. Kadiri protini inavyozidi, ndivyo kijani kinavyokolea.

MOYO UNAHUSIANAJE NA MKOJO?

Mtu anaweza kuuliza: "Mkojo hutoka kwenye figo. Moyo uko kifuani. Vinahusiana vipi?"

Jibu liko katika mishipa ya damu. Vichujio vya figo vimetengenezwa kwa mishipa midogo sana ya damu. Mishipa midogo kama hiyo imo pia katika moyo, katika ubongo na katika macho. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa hiyo mahali pote. Mishipa ya moyo ikiharibika, hatuioni. Ya ubongo ikiharibika, hatuioni. Lakini ya figo ikiharibika, huvuja, na uvujaji huo tunaweza kuuona ndani ya kikopo. Kwa hiyo mkojo ni kama dirisha. Kwa dirisha hilo mganga huchungulia hali ya mishipa ya mwili mzima.

Fikiri pia mifereji yetu ya mlimani. Maji yakija kwa kiasi, mfereji hudumu miaka na miaka. Yakija kwa nguvu nyingi kila siku, kingo hubomoka. Shinikizo la damu ni hivyo hivyo. Damu inayosukumwa kwa nguvu kupita kiasi hubomoa mishipa polepole, nawe husikii kitu.

Mwaka 2010 wataalamu wa nchi mbalimbali walikusanya habari za watu zaidi ya 1,000,000. Waliona kwamba wenye protini katika mkojo walikufa mapema zaidi, na wengi walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa. Hatari ilianza hata protini ilipokuwa kidogo. Hata mtu ambaye figo zake zilikuwa bado zinachuja vizuri alikuwa katika hatari hiyo.

HALI YETU HAPA KILIMANJARO

Tusidhani haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya KCMC hapa Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walipita nyumba kwa nyumba mkoani Kilimanjaro. Waliwapima watu wazima 481, damu na mkojo. Matokeo yalitolewa mwaka 2015.

Walikuta nini? Katika kila watu wazima 100, kama 7 walikuwa na maradhi sugu ya figo. Mjini walikuwa kama 15 katika kila 100. Vijijini walikuwa kama 2 katika kila 100.

Msomaji wa Kibosho anaweza kufurahi na kusema: "Vijijini ni 2 tu. Sisi tumepona." Asifanye haraka. Kijiji chenye watu wazima 3,000 kitakuwa na wagonjwa 60. Hao 60 wanakaa wapi? Wanakaa nasi. Tena kijiji cha leo si cha miaka 40 iliyopita. Zamani mtu alishuka Moshi kwa miguu na kupanda kwa miguu. Leo anapanda bodaboda. Soda, chipsi na mafuta ya kukaangia vimefika hadi juu mlimani. Watoto wetu wengi wanaishi Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na mji ndio wenye wagonjwa wengi zaidi.

Kuna mambo mengine mawili katika uchunguzi ule, nayo ndiyo yanayonitia hofu.

La kwanza, katika kila wagonjwa 10, ni kama 1 tu aliyejua kwamba anaumwa figo. Wengine wote walikuwa wakilima, wakichuma kahawa na kwenda sokoni, hawajui.

La pili, karibu nusu ya wagonjwa hawakuwa na shinikizo la damu, wala kisukari, wala virusi vya UKIMWI. Maana yake ni kwamba hata asiye na maradhi hayo hawezi kusema kwa hakika kuwa figo zake ni nzima.

MBONA SISIKII MAUMIVU?

Hilo ndilo kosa letu kubwa. Tunangoja maumivu. Figo zinazoharibika polepole haziumi. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake naye bado anacheka na kula ndizi.

Kwetu hapa mtu akiumwa kiuno husema, "Figo zinanisumbua." Mara nyingi sivyo. Mtu anayelima kwenye mteremko, anayebeba mkungu wa ndizi au ndoo ya maji, atapata maumivu ya misuli na ya mifupa ya mgongo. Kisha huenda dukani akanunua dawa za maumivu, leo, kesho na kesho kutwa. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zikitumiwa siku nyingi huweza kuharibu figo. Mtu huyo hakuwa na ugonjwa wa figo, lakini sasa anautengeneza mwenyewe.

Dalili za figo huja mwisho. Uso huvimba asubuhi, hasa karibu na macho. Miguu huvimba. Chakula hakipendezi. Kichefuchefu huja. Ngozi huwasha. Pumzi hupungua. Wengine huona mkojo una povu jingi lisiloisha haraka. Mtu akiona dalili hizi asilale nyumbani, aende hospitali. Lakini afadhali asifike huko.

Figo zikishindwa kabisa, njia ni mbili. Ya kwanza ni mashine ya kusafisha damu. Mgonjwa hulazwa penye mashine kama saa 4, mara 3 kila wiki, maisha yake yote. Ya pili ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza hapa nchini mwaka 2017. Tunashukuru kwa maendeleo hayo. Lakini ni familia ngapi za wakulima wa kahawa zinazoweza kubeba gharama hizo bila kuuza ng'ombe wote, na pengine hata kihamba? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe tunaweza kuuona kwa kikopo na kijiti.

NANI APIMWE?

Hawa wasikose kupimwa mkojo na shinikizo la damu kila mwaka:

1. Mwenye shinikizo la damu.
2. Mwenye kisukari.
3. Mwenye virusi vya UKIMWI.
4. Mwenye maradhi ya moyo, au aliyewahi kupooza upande mmoja.
5. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeumwa figo.
6. Mama aliyewahi kupata shinikizo la damu au kifafa cha mimba. Hatari yake haiishi siku ya kujifungua. Huendelea miaka mingi baadaye, kwa moyo na kwa figo.
7. Anayetumia dawa za maumivu mara kwa mara, au dawa za miti shamba kwa muda mrefu.
8. Kila aliyepita umri wa miaka 40, hata kama anajiona mzima.

Nawaomba wanaume walisikie hili. Akina mama huonana na muuguzi wakati wa mimba na wanapompeleka mtoto kupimwa uzito. Mwanamume hana siku kama hizo. Huenda hospitali akiwa amebebwa. Huo si ushujaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

KUPIMA VIZURI

Kipimo hakina sindano wala maumivu. Lakini kina taratibu zake.

Mkojo wa asubuhi ndio mzuri zaidi. Osha mikono. Mwaga kidogo mwanzo, kisha kinga wa katikati katika kikopo safi. Usitumie chupa iliyokuwa na maziwa au soda. Mama aliye katika siku zake angoje ziishe, maana damu itaharibu majibu.

Mtu akimaliza kupimwa asiondoke bila kuuliza. Siku hizi wengi wetu tukipimwa mkojo tunauliza neno moja tu: "Nina UTI?" Tukiambiwa hapana, tunakwenda zetu. Uliza la pili: "Je, protini imeonekana?" Ikiwa imeonekana, uliza ni kiasi gani. Waganga huandika alama ya kujumlisha. Alama moja ni kidogo. Alama tatu au nne ni nyingi. Omba iandikwe katika daftari lako la matibabu pamoja na tarehe.

Protini ikionekana mara moja, usilie wala usiandike wosia. Homa huweza kuleta protini kwa siku chache. Kazi ngumu sana ya jana yake huweza kuileta. Maambukizi ya njia ya mkojo nayo huweza kuileta. Tibu homa, pumzika, kisha rudi upimwe tena. Ikiendelea kuonekana kwa muda wa miezi 3, hapo ni ugonjwa. Mjamzito yeye hangoji. Akikutwa na protini, au akivimba uso, au akiumwa sana kichwa, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Yafaa pia kujua kwamba kijiti hakioni kila kitu. Protini ikiwa kidogo sana, kijiti huweza kuikosa. Kwa hiyo mwenye kisukari asiridhike na kijiti peke yake. Aombe kipimo cha hospitali chenye kuona albumini kidogo, na kipimo cha damu cha kreatinini. Hicho cha damu huonyesha figo zinachuja kwa nguvu kiasi gani.

WANAOPINGA WANASEMA NINI?

Nimesikia hoja tatu za kupinga jambo hili. Tuzijibu moja moja.

Wa kwanza husema, "Ni gharama." Kweli, kila shilingi ya mkulima ina kazi yake. Lakini kijiti cha kupimia ni kitu cha bei ndogo. Linganisha na nauli ya kumpeleka mgonjwa mahututi hospitali. Linganisha na siku moja ya mashine. Hata bei ya mbege ya jioni chache inaweza kutosha.

Wa pili husema, "Afadhali nisijue. Nikijua nitakufa kwa mawazo." Ndugu, mkulima wa kahawa akiona alama za kutu ya majani kwenye mti mmoja, je, hufumba macho? Hapana. Hupulizia dawa mapema, maana anajua majani yakipukutika hatavuna. Kutokujua hakuponyi mti, na hakuponyi figo.

Wa tatu husema, "Hata wakigundua, hawana dawa." Hili si kweli. Zipo dawa za kushusha shinikizo la damu ambazo pia hupunguza uvujaji wa protini. Baadhi huitwa losatani na enalapri. Zimetumika miaka mingi. Zipo pia dawa mpya zaidi, zilizoanza kama dawa za kisukari, ambazo zimeonekana kulinda figo na moyo. Hizo hazijafika kila mahali. Dawa hizi zote hutolewa na mganga baada ya vipimo. Usiazime za jirani. Losatani na enalapri ni hatari kwa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mjamzito asizitumie.

UKIKUTWA NA PROTINI

Kwanza, pima shinikizo la damu na sukari. Mara nyingi chanzo kiko hapo. Shinikizo likiwa 140 juu ya 90 au zaidi kila unapopima, unahitaji msaada wa mganga. Ukipewa dawa, meza kila siku. Usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unameza.

Pili, punguza chumvi. Mtu mzima hahitaji zaidi ya kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu chumvi yote iliyomo katika chakula. Hapa Uchaggani tuna jambo jingine la kuangalia, nalo ni magadi. Tunayatia katika maharage na ndizi ili viive upesi. Magadi yana sodiamu, kitu kile kile kilichomo katika chumvi kinachopandisha shinikizo la damu. Loweka maharage usiku kucha. Yataiva bila magadi mengi.

Tatu, acha sigara, na punguza pombe. Mbege ni kinywaji chetu cha jadi, nami simwambii mzee aikatae kata ya sherehe. Lakini kunywa kila siku hadi usiku hupandisha shinikizo la damu.

Nne, acha kununua dawa za maumivu ovyo. Mwambie mganga dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba. Usimfiche. Hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua.

Tano, usiache kula maharage, maziwa na mayai kwa kusikia neno protini. Wengine hufikiri protini ya mkojo hutokana na kula protini nyingi. Sivyo. Tatizo ni chujio lililotoboka, si chakula kilichomo. Mganga ndiye atakayesema kama unahitaji kubadili chakula.

JAMBO HILI NI LA KIJIJI

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, wakajadiliana. Kisha walitoka, wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Hawakungoja kila mtu augue kwanza. Walielewa kwamba adui akijulikana mapema hushindwa kwa urahisi.

Adui wa siku hizo alikuwa malaria, kuhara na minyoo. Hao bado wapo. Lakini wameongezeka wengine wanaoingia kimya kimya: shinikizo la damu, kisukari, maradhi ya moyo na ya figo. Tuwakabili kwa moyo ule ule.

Napendekeza mambo matatu.

La kwanza, katika mkutano wa kijiji tuulize habari za zahanati yetu. Je, vijiti vya kupimia mkojo vipo? Mashine ya kupimia shinikizo la damu ni nzima? Vijiti vikiwa vichache na wajawazito tu ndio wanaopimwa, tusiwanyang'anye akina mama haki yao. Tuombe viongezwe. Kamati ya afya iliandike jambo hilo na kulifuatilia hadi lipate jibu.

La pili, vikundi vyetu vivitumie vikao vyake. Kila jumuiya ya kanisa, kila kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, kila chama cha ushirika kina siku ya kukutana. Kikundi kinaweza kumwomba mganga aje siku moja kwa mwaka awapime wanachama. Mwenye protini au shinikizo kubwa apelekwe Hospitali ya Kibosho, au Mawenzi, au KCMC, akachunguzwe zaidi.

La tatu ni la watoto wetu walio mijini. Kila mwezi wa Desemba hupanda mlima kuja kula Krismasi na wazazi. Huleta mchele, mafuta na nguo. Mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa. Hayo ni mema, ni mila yetu. Lakini kijana, kabla hujarudi mjini, chukua asubuhi moja. Mpeleke baba na mama wakapimwe mkojo, shinikizo la damu na sukari. Nawe ujipime, maana wewe wa mjini ndiwe uliye katika hatari zaidi. Hiyo ni zawadi itakayodumu kuliko mchele.

Serikali na hospitali zina sehemu yao, nasi tuna sehemu yetu. Hata vijiti vikijaa kabati la zahanati, havitamfuata mtu shambani. Sharti mtu aende mwenyewe, akinge mkojo, aulize swali. Wiki hii ukipita zahanati kwa haja yoyote, mwambie mganga hivi: "Naomba nipimwe protini katika mkojo." Ni maneno machache. Yaseme.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chenu ni wangapi wamewahi kupimwa mkojo? Kati yao wanaume ni wangapi?
2. Kwa nini mtu mwenye ugonjwa wa figo anaweza asisikie maumivu kwa muda mrefu?
3. Protini ikionekana mara moja katika mkojo, mtu afanye nini?
4. Nyumbani kwenu chumvi na magadi hutumika kiasi gani kwa siku? Mnaweza kupunguza wapi?
5. Zahanati yenu ina vijiti vya kupimia mkojo? Kama haina, nani kati yenu atalipeleka jambo hili katika mkutano wa kijiji?